Tawi Lililolala

Mnunuzi wa vyuma chakavu alishafika kulichukua lori. Injini ilikuwa inakohoa na kutetemeka kama mgonjwa wa homa, haivuti hata gari likiwa tupu.

"Shemeji, imekufa hii. Tuizike," alisema Kibwana, mdogo wa marehemu mume wa Mwanakheri.

"Hata maiti huoshwa kwanza," Mwanakheri akamjibu. Lori aliliendesha mwenyewe, na hakuwa na shamba wala duka.

Akachovya vidole kwenye kopo la maji, akadondosha tone kwenye tawi la kwanza la bomba la moshi, pale linapotokea kwenye injini. Chss! Likakauka. La pili, chss! La tatu vilevile. Kwenye la nne, tone likakaa limetulia tu. Ndani ya silinda yake hamkuwa na moto.

"Aliyelala ni huyu mmoja, wenzake wazima. Utazika nyumba nzima kwa ajili ya mtoto mwenye usingizi?"

Kibwana akacheka bila kupenda. Akavua shati lake la Ijumaa, akalitundika kwenye kioo cha lori.

"Haya, nipe spana."

Nozeli, kile kipua kinachopulizia dizeli ndani ya silinda, ilitoka nyeusi tii, imezibwa na masizi. Mwanakheri akaipokea kwa tambara, akaanza kuisugua huku anapiga mluzi.