Dozi ya Watoto

"Kwenye programu, kundi dogo linarithi kila kitu cha kundi mama," mwalimu alisema, "hata kile ulichosahau kukibadilisha."

Vidole vya Nusaiba viliganda juu ya kibodi. Programu yake ya kwanza, ya kupanga dozi, ilikuwa imeanza kutumika asubuhi ileile kwenye zahanati ya jirani, hapo Sinza. Kundi la watoto alilirithisha kutoka kundi la watu wazima. Dozi hakuigusa; ilibaki ya watu wazima.

Alitoka mbio mpaka dirisha la dawa la zahanati.

"Dada, kuna mtoto mmeshampa dawa kwa kompyuta ile?"

"Wengi tu," muuguzi alitabasamu. "Umeturahisishia kazi, mwanangu."

Kwenye benchi, mama mmoja alikuwa akimfuta mwanawe dawa ya maji kidevuni.

"Kalala ghafla," alisema.

Nusaiba alimgusa mtoto shavu, kisha akamtikisa.