Simu Imeshapokea Posa

Siku hizi sheria ni moja: simu yako ikijibu, umejibu wewe. Kina mama wenzangu, msiseme hamkuambiwa.

Mume wangu aliweka ile programu ya kuongea kwa niaba ya mtu. Ikamuuliza iwajibie kina nani, na kwa mambo gani. Akabonyeza "Ruhusu yote, nyumba nzima" bila kusoma, anawahi mpira.

Jana mshenga wa yule aliyemposa binti yetu akapiga hodi na sinia la halua.

"Shemeji," nikamwambia, "posa hatujaijibu. Hata shangazi yake hajaulizwa."

"Mmejibu," akasema, akanisikilizisha rekodi kwenye simu yake. Sauti ya mume wangu, na kikohozi chake kabisa: "Tumeridhia. Binti ni wenu."

Binti mwenyewe, Mwanakombo, alikuwa jikoni anakuna nazi. Akatoka na kifuu mkononi, akamgeukia baba yake aliyekaa kitini. "Baba, nilikwambia yule mtu simtaki."

Baba yake akainama. "Mwanangu, kila mtu anabonyeza."

"Mbuzi wa kununua unamkagua mpaka meno," nikamwambia, "mtoto wako unamtoa kwa kidole?"

Simu ya Mwanakombo ikaita kule jikoni alikoiacha. Mwenyewe yupo mbele yangu, machozi yanamtoka. Tukasikia simu inapokea yenyewe, mposaji anauliza kama ameridhia, kisha sauti yake mwanangu ikacheka kwa haya, ikasema, "Baba akiridhia, nami nimeridhia."

Mshenga akaweka sinia mezani. "Umesikia, shemeji," akasema. "Kakubali mwenyewe."