Kirungu cha Kuvutia Tela

"Hicho ni kidogo, Baba Nasra! Tela la boti yangu linataka kirungu kikubwa, na unajua."

"Nitaendesha taratibu. Halitachomoka," alisema mumewe.

Salha alikitazama kirungu cha chuma nyuma ya gari. Kilikuwa kipya, saizi ya tela la mke mwenzake, Tausi.

"Kwa hiyo gari limepimiwa boti ya Tausi, yangu ikapasukie mteremkoni?"

"Una wivu, mama."

"Ninao. Nipe spana."

Hakumpa. Salha aliichukua mwenyewe, akakifungua kirungu, akatoa kile kikubwa cha zamani garini, akakifunga, akakikaza mpaka viganja vikamuuma. Akaunga tela lake, akapanda kiti cha mbele.

"Twende."

Walipopita kwa Tausi, alikuwa amesimama kando ya boti yake, ameshaifunga kamba juu ya tela la kirungu kidogo, akilipungia gari mkono.