Shati la Mzee Subira

Harufu haikutoka. Mfuaji aliliroweka koti jeupe, akalisugua, akalianika juani kutwa nzima, lakini alipolisogeza puani, ile harufu ya dawa bado ilikuwa imejikunyata kwenye kola, ikimchoma macho kama kitunguu.

Koti lilikuwa la binti aliyesomea udaktari chuoni, ng'ambo ya barabara. Kila Ijumaa alileta mawili, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapiga soga huku pasi ikipita. Mfuaji alipenda kumsikiliza. Yeye shule ilimwishia darasa la tano, na kuuliza kulimshinda. Mama yake alisema ulimi wake umefungiwa kabatini.

"Muhula huu umenikamua, mdogo wangu," alisema mwanafunzi. "Mitihani sita, ripoti nne. Usingizi nauibaiba tu. Bila Mzee Subira ningesharudi kwetu kulima."

"Mzee Subira?"

"Ndivyo tunavyomwita, jina lake hatukuambiwa. Kanifundisha mkono mzima, mshipa kwa mshipa. Unakosea mbele yake, unarudia, unakosea tena, wala hakasiriki. Wa kufoka ni profesa!"

Alicheka peke yake.

"Na nimeshaamua. Nikimaliza, nitasomea upasuaji wa mikono. Sababu ni yeye. Kidole gumba chake cha kushoto kimepinda kama ndoana, hakina kucha. Nadhani alikuwa seremala. Kila nikikishika najiuliza, hivi hakukuwa na mtu wa kumtibu?"

Moshi ulipanda. Pasi ilikuwa imesimama palepale.

"We! Unaniunguzia koti!"

Mfuaji aliinyanyua pasi. Baba yake alikuwa seremala. Msumeno ulimng'ata kidole gumba cha kushoto, kikapona kimepinda. Miaka miwili sasa tangu aondoke alfajiri kwenda kutafuta kazi, baada ya ugomvi na mama, bila kuaga.

"Ana ndugu?" alijikaza kuuliza.

"Tuliambiwa hana. Hakuna aliyemuulizia."

Hakuna? Wao walimuulizia kila kituo cha polisi kati ya kwao na mji huu. Kila mahali waliulizwa swali moja: nani alimwona mara ya mwisho? Na kila mahali mama alijibu: hakuna, sote tulikuwa tumelala.

"Ijumaa ijayo tunamuaga," mwanafunzi aliendelea. "Makoti niletee palepale idarani, asubuhi. Nataka niwe safi mbele yake."

"Naweza kumwona?"

Mwanafunzi alimtazama. "Wewe? Una moyo?"

Mfuaji aliitikia kwa kichwa. Watu wenye aibu huulizwa hivyo kila siku.

Jioni alimweleza mama, naye akaacha kuchagua mchele.

"Afundishe madaktari? Baba yako? Yule aliyekuwa akikimbia kuku akichinjwa?"

Mama alicheka hadi machozi, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Kisha alifungua sanduku, akatoa shati la kijani la baba, lililobaki kwenye kamba siku aliyoondoka.

"Linyooshe vizuri. Mwambie hasira zangu zimekwisha. Chumba ni kidogo, lakini tutabanana."

Wiki nzima mama alifagia kama anayengoja mgeni. Alinunua kikombe cha tatu.

Ijumaa mfuaji aliifuata korido ndefu ya idara, makoti mawili mkono mmoja, shati mkono wa pili. Kadiri alivyokwenda, baridi iliongezeka. Mlangoni alikutana na ile harufu ya kwenye kola, lakini hapa ilikuwa nyumbani kwake, imejaa chumba kizima.

Wanafunzi walisimama kimya, maua mikononi, wameizunguka meza ndefu ya chuma. Mfuaji alitafuta kichwa chenye mvi kati yao. Alitazama nyuma ya mlango. Alitazama viti; vyote vilikuwa vitupu.

"Yuko wapi?" alinong'ona.

Mwanafunzi alimshangaa. Kisha, taratibu, kama anayemwamsha mtu, aliinua pembe ya shuka jeupe lililofunika meza.

Kidole gumba kilikuwa kimepinda kama ndoana.

Mfuaji alilitandaza shati la kijani juu ya shuka, akafunga vifungo kimoja kimoja hadi shingoni. Hakuna aliyemzuia. Alipofungua kinywa, sauti yake ilifika hadi ukutani.

"Nilikusikia, baba. Uliniita mara mbili mlangoni alfajiri ile. Nilikuwa macho."