Ukurasa Ulioondolewa

Kitaa kilichokuwa kikiwaka kilikuwa kidogo kama punje ya ufuta, cha kijani, juu kabisa ya kioo cha kompyuta ya shemeji. Shemeji alikuwa amesema ameizima. Basi msichana akadhani ndivyo kompyuta zinavyolala, kama sungura, jicho moja wazi.

Kompyuta ilikaa mezani katika chumba alicholala yeye, kwa sababu mchana chumba hicho kilikuwa ofisi ya shemeji. Hakuuliza. Kuuliza hakukuwa kwenye damu yake. Alikuja kwa dada yake kumlea mtoto. Shule aliiachia darasa la tano mama alipougua, na ingawa sasa alishatimiza miaka ishirini, mbele ya wageni bado alijibu kwa kichwa.

Ukimya huo shemeji aliupatia kazi. Yeye alikuwa mbunifu wa zile kurasa zinazomwongoza mtu anapoweka mfumo mpya kwenye kompyuta: bonyeza hapa, subiri, endelea. Kila akimaliza ukurasa, alimwita msichana mbele ya kompyuta kuukuu, akachomeka flashi, akakaa nyuma yake kutazama kidole kinasita wapi. Alimbandika jina la Mtihani. Mtihani akipita, alipenda kusema, hakuna wa kufeli. Watu walicheka, naye Mtihani alicheka kwa adabu.

Jumamosi moja alikuja mfanyakazi mwenzake, mwanamke ambaye wote walimwita Bi Miwani. Walibishana hadi chai ikapoa. Mfumo mpya ukiwekwa, vyote vilivyokuwemo kwenye kompyuta hufutika. Bi Miwani alitaka kabla ya hapo uwepo ukurasa wa kumwonyesha mtu vitu vyake na kumwuliza kama ana hakika. Shemeji alikataa. Maswali yakizidi, alisema, mtu haachi kubonyeza, anaacha kusoma.

"Mlango wenye makufuli saba," alisema, "mwenye nyumba mwenyewe huuacha wazi."

"Na usio na kufuli hata moja?" Bi Miwani akauliza.

Lakini shemeji ndiye aliyekuwa mkubwa kazini. Ukurasa ukaondolewa.

Siku chache baadaye, Mtihani alikuwa akifuta vumbi mezani, akagusa kitufe bila kutaka, na kompyuta ya shemeji ikaamka. Alisimama hapo akitazama kioo, kitambaa mkononi, mpaka mtoto alipomwita mara ya pili.

Jumamosi iliyofuata shemeji alimpeleka mtoto kunyolewa. Aliporudi alimkuta Mtihani ameketi mezani, mikono mapajani, flashi imechomekwa. Kwenye kioo kulikuwa na neno moja, Karibu. Lakini haikuwa kompyuta kuukuu. Ilikuwa ile ya pembeni yake, ya rangi ileile, ya shemeji mwenyewe.

Kazi yake ya mwaka mzima ilikwenda. Picha za mtoto tangu siku alipozaliwa zilikwenda. Dada alilia jikoni, bomba amelifungulia ili asisikike, na Mtihani alisikia kila kitu nyuma ya mlango. Alijua begi lake laweza kuwekwa nje wakati wowote, na nyumbani hakukuwa tena na mama wa kumpokea.

Shemeji alipauka kama aliyepakwa majivu. Alimtazama Mtihani, kisha akasema polepole kwamba kompyuta zinafanana, na huyu kusoma kwenyewe anasoma kwa kubahatisha; kosa ni la ukurasa. Asiulizwe, asisumbuliwe. Dada alimshukuru Mungu kwa mume wa namna hiyo. Mwingine, alisema, angekwisha kumtupia begi barabarani. Ila alipotaka kompyuta ipelekwe kwa fundi anayerudisha vilivyofutwa, mume alitikisa kichwa. Yaliyopita si ndwele.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Dada alisubiri mumewe atoke kwenda kazini, akampigia simu Bi Miwani.

Bi Miwani alikuja na kompyuta yake na waya zake. Alisema fundi hahitajiki, kazi hiyo anaiweza, na wakibahatika picha nyingi zitarudi. Mtihani alikuwa akimimina chai. Chai ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikafika kwenye kitambaa cha meza.

"We mtoto, unaogopa nini?" dada alisema. "Hakuna anayekulaumu hapa."

"Alaumiwe yeye kwa lipi? Kosa ni letu sisi," Bi Miwani alisema. "Njoo mdogo wangu, nikuonyeshe kitu."

Aligeuza kompyuta yake. Ukurasa ulioondolewa ulikuwa umerudi. Ulionyesha vilivyomo ndani, nyaraka, nyimbo, picha, na chini yake: Vyote vitafutwa. Una hakika?

Mtihani aliusoma, midomo ikimchezacheza. Aliusoma wote, hadi alama ya kuuliza. Kisha akainua macho juu kabisa ya kioo. Hapakuwa na kitaa.

"Ungeuona huu siku ile," Bi Miwani aliuliza kwa upole, "ungesimama?"

Dada alikuwa ameinama, anakausha chai mezani.

"Ningebonyeza ndiyo," Mtihani alisema, kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia. "Nilijua ni ya shemeji. Dada, msizirudishe. Humo ndani nimo mimi, kila jioni, navua nguo."