Mfumo wa Tunu

Mama Chausiku wa jirani alidai kuwa mtaa wa pili kuna mfumo wa kompyuta uliojisasisha mchana kweupe, ukamnyima mwenye nyumba moto mpaka achague rangi mpya ya kioo. Watu wakamcheka.

Tunu hakucheka. Siku ile alikuwa ameketi mbele ya wakwe, kompyuta mpakato mapajani, akingojewa achague mfumo. Bibi harusi huchagua mara moja tu maishani, na mfumo huo ndio unaoendesha jiko, maji na milango.

"Chukua Johari, wifi," alisema Saumu, dada wa mumewe. "Unameremeta, na kila wiki una jipya."

"Nataka Mwamba."

"Ule wa vikongwe? Makubwa!"

Tunu akauchukua Mwamba, mfumo usiobadili kitu bila kuambiwa. Kisha akaupanga kwa kipimo chake: jiko lishushe moto wali ukikauka maji, na mlango umfungulie yule tu ambaye yeye amemkubali.

Asubuhi ya Idi, Johari ukajisasisha mji mzima. Majiko yakazimika. Pilau ikaiva kwa Tunu peke yake. Majirani wakamiminika na masufuria na vigelegele, na mama mkwe akatamba, "Mkwe wangu ndiye huyu!"

Walipotawanyika, Saumu alibaki kizingitini na mtoto mgongoni.

"Wifi, tangu Johari ujisasishe, nyumba yangu inasema hainijui. Uambie Mwamba uniandike hapa kwako, niwe nafunguliwa mlango."

Mwamba ulikuwa umesikia. Ulingoja neno la Tunu, kama alivyoufundisha, na Tunu aliendelea kusugua sufuria.