Tai Nyeupe ya Zénon

"Ivue hiyo, Baba Maya. Nakusihi."

Adrienne alisimama mlangoni mwa chumba chao huko Vårby gård, kitongoji cha Stockholm, tai nyeusi mkononi. Mumewe, Zénon, alikuwa mbele ya kioo. Suti nyeusi, shati jeupe, viatu vinang'aa. Hadi hapo hakuna wa kumlaumu. Lakini shingoni alikuwa anafunga tai nyeupe pe, utadhani bwana harusi.

"Unakwenda kuzika bosi wako, huendi kuoa," akasema Adrienne. "Na Jumatatu binti yake ndiye atakayeamua kama unabaki kazini au unarudi kupiga deki. Utatuponza na mavazi yako, wewe mwanaume!"

"Naelewa, Mama Maya," akajibu Zénon, akaendelea kufunga.

Jamani, huyu Zénon na nguo! Wiki yake ya kwanza katika ofisi ile ya wakaguzi wa mahesabu, katikati ya jiji la Stockholm, alitokea na koti la kijani na viatu vya njano. Njano! Katika ofisi ambayo watu huvaa nyeusi mwaka mzima, wakichangamka sana wanavaa bluu iliyoiva, na mtu akibadilisha fremu ya miwani wenzake wanajiuliza nyumbani kwake kuna nini. Wala hakuna aliyemwambia neno. Waswidi hawasemi. Wananyamaza tu mpaka mwenyewe ujihisi uko uchi.

Aliyesema ni mzee Torsten, mwenye ofisi. Alimwita, akafunga mlango, akazungumza huku anatazama dirishani.

"Hapa mteja akikumbuka nguo zako, umeniharibia. Nimekupa kazi. Usitake na kuonekana."

Zénon alitoka amenywea. Tangu siku hiyo akavaa kama wenzake.

Wenzake hawakumwelewa mzee. Yeye mwenyewe ndiye aliyemleta Zénon, akamwekea miezi sita ya majaribio, akiwaruka Waswidi wenye vyeti vya maana. Wakasema ni huruma. Si aliwahi kushika hesabu za mradi wa visima Burundi, kwao Zénon, enzi za ujana wake? Basi labda aliipenda nchi. Lakini ilikuwa huruma ya ajabu. Torsten alikunywa kahawa na kila mtu isipokuwa Zénon. Zénon akiingia kwenye lifti, mzee anashika ngazi, na magoti yenyewe yale mabovu.

Zénon hakulalamika. Kwa rangi yake, alishazoea watu kutojua wamweke wapi. Kwenye treni Wahabeshi humsalimia kwa Kiamhari, na Warundi wenzake kanisani humuuliza mara mbili kwao ni wapi hasa.

Mzee alipolazwa, ofisi ilipeleka maua. Rebecka, binti yake wa pekee, akashika usukani. Na kana kwamba anatafuta balaa, Zénon akaanza kuomba ruhusa kila Alhamisi mchana, eti ana mgonjwa.

"Mgonjwa wako huyo haponi?" Rebecka alimuuliza siku moja mbele za watu.

"Haponi," akasema Zénon.

Rebecka hakulipenda jibu hilo. Ofisi nzima iliona kwamba mkataba wa Zénon umeanza kunuka.

Torsten akafa. Ijumaa ya mazishi, mlangoni mwa kanisa, Josefin wa mapokezi alimwona Zénon akakaribia kupiga ukelele. Akamvuta pembeni.

"Hukuambiwa? Kwetu mazishini tai nyeupe huvaliwa na wanaume wa familia ya marehemu tu. Mwana wake, mkwe wake, basi. Sisi wengine ni nyeusi." Akachomoa tai nyeusi ya mumewe kutoka kwenye mkoba. "Hata mume wangu alikosea hivi mazishi yake ya kwanza kuhudhuria, na yeye ni Mswidi. Wewe ungejuaje? Nenda chooni ubadilishe haraka."

"Asante, Josefin. Una moyo mzuri."

Lakini tai hakuipokea. Aliingia kanisani, akawapita wafanyakazi wenzake waliojibana nyuma, akaenda kukaa peke yake mstari wa pili. Minong'ono ikaanza. Mume wa Rebecka, mbele pale, akaishika tai yake nyeupe, akageuka, akamkodolea macho. Masikini, wengi walimwonea huruma Zénon, na ile huruma ya watu waliovaa vizuri inauma kuliko tusi. Alikuwa anaogopa. Akaibana mikono yake katikati ya magoti.

Rebecka aliinuka kutoka mstari wa mbele kabla kengele hazijalia. Alimwinamia, akasema kwa sauti ya chini, meno yamebana.

"Nimekuvumilia mengi. Viatu vyako, ruhusa zako, mgonjwa wako. Leo namzika baba yangu, na wewe umekuja kujionyesha. Vua hiyo tai, au toka nje na Jumatatu usijisumbue kuja."

Zénon alimfikiria Adrienne. Akamfikiria Maya, na nyumba ambayo ndiyo kwanza wameipata. Mkono wake ukapanda mpaka kwenye fundo la tai, na Rebecka akasubiri. Kisha mkono ukashuka.

"Au hakuna aliyekwambia inavaliwa na nani?" akauliza Rebecka.

"Najua inavaliwa na nani," akasema Zénon. "Nilimwomba baba yetu ruhusa ya kuivaa, Alhamisi ya mwisho, pale hospitalini. Alikataa."